Bampa Lililopasuka Kabla Yangu

Simu ilinikuta kazini, Posta, Dar es Salaam, Jumatatu saa tano asubuhi. Kijana wa kampuni iliyonikodishia gari hakumaliza hata salamu kabla ya kuniarifu kwamba gari limerudi na uharibifu na kwamba maelezo yote yamo kwenye WhatsApp. Nilipofungua nilikuta ankara ya shilingi 1,700,000. Bampa jipya la nyuma pamoja na rangi lilikuwa 650,000, mlango wa nyuma wa kushoto kunyooshwa na kupakwa rangi 250,000, seti ya vifuniko vya rimu 180,000, siku nne za gari kukaa gereji 520,000, na mwisho kabisa kulikuwa na kitu kilichoitwa gharama za usimamizi, 100,000. Amana yangu ya 500,000 walikuwa wameshaikata, kwa hiyo nilitakiwa kulipa 1,200,000 zilizobaki kabla ya Ijumaa.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Noah, nililolikodi kwa shilingi 130,000 kwa siku, kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, ili kumpeleka mama Korogwe kwenye arobaini ya baba mkubwa. Tulikuwa mimi, mama, dada yangu na mwanawe wa kiume anayesoma kidato cha tatu. Gari nililiendesha mwenyewe kwenda na kurudi, na najua kila mahali nilipolisimamisha.

Mama aliposikia habari ile jioni alisema neno ambalo najua limesemwa katika nyumba nyingi za mji huu: "Lipa mwanangu, yaishe." Sikumjibu papo hapo, kwa sababu nafahamu lilikotoka. Mama amelelewa kuamini kwamba kugombana kwa ajili ya fedha ni kujivunjia heshima, na kwamba mtu aliyekuazima chake, hata kama umemlipa, usimtilie shaka. Lakini nilikaa na neno lile usiku kucha, na kadiri nilivyolitafakari ndivyo nilivyozidi kuona kwamba ankara kama ile huandikwa na mtu anayetegemea tuseme "yaishe". Kiasi hukadiriwa kiwe kikubwa cha kutisha, lakini kisiwe kikubwa cha kumfanya mtu atafute wakili.

Kabla ya kudai haki yangu nililazimika kukubali makosa yangu, nayo yalikuwa mawili. La kwanza, kifuniko kimoja cha rimu, cha gurudumu la mbele la kulia, kilidondoka kwenye barabara ya vumbi tulipoiacha lami kwenda kijijini. Tulirudi kukitafuta na hatukukiona. Hicho ni changu na nilikuwa tayari kukilipa tangu mwanzo. La pili ni zito zaidi: nilirudisha gari Jumapili saa moja usiku, ofisi imefungwa, nikampa mlinzi funguo na kwenda zangu. Hapakuwa na mtu wa kulizunguka gari pamoja nami wala kusaini kwamba limepokelewa katika hali gani. Tangu saa moja usiku ya Jumapili hadi saa tano asubuhi ya Jumatatu gari lilikuwa mikononi mwao, na mimi sikuwa na hata mstari mmoja wa maandishi kuhusu saa hizo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi yangu mimi ni hesabu. Ofisini sipokei hata katoni ya karatasi bila kuhesabu na kusaini. Lakini Alhamisi ile alfajiri nilipokabidhiwa gari la mamilioni ya shilingi niliona haya kulichungulia mbele ya kijana aliyelileta. Alikuwa mpole, alimwamkia mama shikamoo na kumsaidia mizigo, na kuanza kuinama na kupapasa milango kungekuwa kama kumwambia usoni kwamba simwamini. Gari lilikuwa limetoka kuoshwa na lilikuwa bado linachuruzika maji. Sasa najua kwamba gari lililolowa haliwezi kukaguliwa, kwa sababu maji hujaza mikwaruzo na kuiziba, na mlango uliochubuka huonekana unang'aa mpaka jua lipande na kuukausha. Nilipewa fomu ya makabidhiano yenye mchoro wa gari pande nne, ukiwa na alama moja tu ya msalaba, ya uharibifu uliokuwepo tayari, kwenye kona ya mbele ya kushoto, nikasaini. Nikapewa pia mkataba wa kurasa tano, wote kwa Kiingereza, ingawa yeye na mimi tangu tulipokutana hatukuwa tumezungumza neno lisilo la Kiswahili. Nao nikausaini.

Kilichonisaidia sikukipanga. Mpwa wangu alikuwa amempiga bibi yake picha palepale uani kwa kampuni, kabla hatujatoka getini. Katika picha hiyo mama amesimama nyuma ya gari na kikapu chake mkononi, akingoja mlango wa buti ufunguliwe. Nyuma yake unaonekana ukuta wa kampuni uliopakwa rangi yao, na pembeni mwa kiwiko chake, chini ya taa ya nyuma ya kulia, bampa lina ufa. Ukiikuza picha unauona vizuri: unaanzia kwenye ukingo wa chini na kupanda kama urefu wa kidole cha shahada, na kipande cha upande mmoja kimeingia ndani kidogo kuliko cha mwenzake. Simu ya mpwa wangu iliandika saa yenyewe, saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili asubuhi, siku ya Alhamisi. Ufa huohuo ndio uliokuwa kwenye picha ya kampuni iliyoambatana na ankara.

Kuhusu mlango sikuwa na picha. Nilikwenda Mwananyamala kwa mzee mmoja fundi wa bodi aliyewahi kulinyoosha gari la shemeji yangu, nikamwamkia na kumwonyesha picha ambazo kampuni ilinitumia. Alivaa miwani, akaishika simu karibu na uso na kuikuza picha ya mkwaruzo kwa vidole viwili, kisha akanyamaza kwa muda. "Mama, hapa kuna vitu viwili," aliniambia. Cha kwanza kilikuwa mstari mweupe uliokauka ndani ya mkwaruzo, ambao ni polishi. Mtu alipolipiga gari polishi, dawa iliingia kwenye mkwaruzo na kukaukia humo, na hiyo ina maana kwamba mkwaruzo ulitangulia na polishi ikafuata. Mimi sikuwa nimelipiga gari polishi Korogwe. Cha pili kilikuwa kutu. Alinieleza kwa uangalifu kwamba kutu peke yake haitoshi kuwa ushahidi, kwa maana hapa pwani bati likichubuliwa leo, kesho kutwa linaweza kuwa limeshabadilika rangi. Alichonionyesha yeye ni rangi iliyoinuka pembeni mwa mkwaruzo kama ganda, kwa sababu kutu ilikuwa imeshapenya chini yake, na hilo halitokei kwa siku nne. Nilimwuliza kama bampa nalo linaweza kusomwa hivyo. Alisema bampa ni plastiki na plastiki haina kutu, umri wa ufa wake utauona kwa uchafu uliogandamana ndani, na uchafu hauonekani kwenye picha za simu. Jibu hilo lilinifanya nimwamini zaidi, kwa kuwa hakutaka kunipa zaidi ya alichokuwa nacho.

Nilimwuliza pia bei. Ufa wa namna ile, alisema, hauhitaji bampa jipya: huchomelewa kwa ndani, ukapigwa puti, ukasuguliwa na kupakwa rangi, na yeye angeifanya kazi hiyo kwa 120,000. Siku iliyofuata nilipita Gerezani kwenye maduka ya vipuri, na nikapata kifuniko kimoja cha rimu kinachofanana na kile kilichopotea kwa shilingi 30,000. Kampuni ilinidai seti nzima ya vinne kwa sababu ya kimoja.

Hapo ndipo nilipofungua sheria, na nitaeleza nilichokitumia. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyompata kwa mwendo wa kawaida wa mambo. Shabaha ya fidia ni kumrudisha mwenye mali pale alipokuwa, na mwenye bampa la miaka mingi lenye ufa hakuwa na bampa jipya. Hata pale mkataba unapotaja kiasi au adhabu, sheria hiyo hiyo inasema mdai hupata fidia inayostahili, isiyozidi kiasi kilichotajwa, maana yake kutajwa kwa kiasi hakukifanyi kilipwe chote bila kuulizwa. Mkataba wangu ulisema mteja atalipia uharibifu wote kwa kadiri ya makadirio ya kampuni. Saini yangu ilikuwa chini ya maneno hayo na sikuweza kuikana kwa kusema sikusoma. Lakini makadirio ya uharibifu hayawezi kutangulia uharibifu wenyewe, na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inamtwika mzigo wa kuthibitisha yule anayedai. Mimi sikupaswa kuthibitisha kwamba sikupasua bampa. Wao ndio waliopaswa kuonyesha kwamba lilikuwa zima niliposhika funguo. Kuhusu picha ya mpwa wangu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 haikubali ushahidi ukataliwe kwa sababu tu uko katika simu au kompyuta.

Niliandika barua ya ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiswahili. Nilikiri kifuniko kimoja na kutaja bei yake. Kisha niliomba nakala ya fomu ya makabidhiano ya mteja aliyenitangulia, picha za gari za kabla ya Alhamisi, risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, kutoka gereji kama kazi imeshafanyika, na maelezo kama gari lina bima kubwa, ile inayolipia hata uharibifu wa gari lenyewe, na kama madai yamepelekwa huko, maana bima hulipa hasara na hairuhusu mtu kulipwa mara mbili kwa hasara ileile. Nilieleza kwamba karatasi waliyonitumia ilikuwa ankara kifani, yaani makadirio ya gereji ya kazi ambayo haijafanyika, na kwamba siwezi kulipia siku nne za gari kukaa gereji kabla gari halijafika gereji. Niliwapa siku kumi na nne kunijibu, na nikasema kwamba wasipojibu nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina wajibu wa kumlinda mlaji dhidi ya mwenendo wa kupotosha katika biashara. Wapo walionishauri niende Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Nashukuru kwa ushauri, lakini bima ya gari haikuwa yangu na mgogoro wangu haukuwa na kampuni ya bima, na kupeleka shauri mlango usio wake ni kupoteza wiki nzima.

Barua sikuituma kwa WhatsApp. Nilichapa nakala mbili, nikazipeleka mwenyewe Alhamisi asubuhi, na nikaomba nakala yangu igongwe mhuri wa kupokelewa. Dada wa mapokezi alisema angeiacha tu mezani kwa bosi. Nilimwambia kwa upole kwamba ningengoja, na nikakaa kwenye benchi kama dakika arobaini mpaka mhuri ukapatikana, ukiwa na tarehe na saini. Ninawasihi wasomaji wangu wasilione jambo hili kuwa dogo. Barua isiyo na mhuri, siku ya ubishi, itakuwa haijawahi kuandikwa.

Nilipokuwa natoka niliiona Noah yenyewe uani. Kijana mwenye ndoo na kitambaa alikuwa anaiosha, na maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye bampa lilelile, juu ya ufa uleule, kwa siku ambayo kwa mujibu wa ankara gari lilipaswa kuwa gereji. Nilimsalimia na kumwuliza kama gari linatoka. "Ndiyo dada, saa nne, lina mteja wa Bagamoyo," alinijibu bila wasiwasi, na kwa nini awe na wasiwasi, yeye aliagizwa kuosha. Niliomba kulipiga picha, akasogea pembeni ili asinizuie. Niliinama safari hii bila haya yoyote, nikapitisha ncha ya kidole kwenye ufa, na kidole kikatoka na uchafu mweusi mkavu ambao maji ya ndoo yale hayakuwa yameufikia. Nilifikiria kuhusu yule mteja wa Bagamoyo, ambaye naye muda mfupi baadaye angekabidhiwa gari lililolowa, na nikasikia uchungu ambao sikuwa nao hata nilipoisoma ankara yangu mwenyewe. Nilirudi mapokezi na kumwambia yule dada kwamba mteja wa saa nne aonyeshwe bampa kabla hajasaini.

Meneja alinipigia siku hiyo hiyo jioni. Alianza kwa ukali, akaniambia kwamba nimesaini, kwamba wana wanasheria, na kwamba akitaka atanipeleka polisi. Nilimjibu kwamba madai ya mkataba ni ya mahakama ya madai, kwamba polisi huitwa palipotokea ajali au jinai, na kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kudai kwamba palitokea ajali. Kisha nilimwuliza swali moja, kama mteja wa Bagamoyo ametozwa amana kwa bampa zima au kwa bampa lililopasuka. Alikaa kimya, halafu akasema tuonane.

Tulionana Jumanne, mimi nikiwa na dada yangu, kwa sababu sikutaka kuingia ofisini kwao bila shahidi. Nilimwita meneja kaka na yeye akaniita dada, na mazungumzo yalikuwa ya adabu tangu mwanzo hadi mwisho. Niliweka mezani picha ya mama na kikapu, picha ya Alhamisi uani, na maelezo mafupi ya mzee fundi aliyoyaandika kwa mkono wake na kutia saini. Fomu ya mteja aliyenitangulia haikuletwa. Risiti ya EFD haikuwepo, kwa kuwa hapakuwa na kazi iliyofanyika. Meneja alipendekeza tugawane, yaani nilipe nusu. Hapo ndipo nilipoelewa vyema neno la mama, kwa sababu nusu ya 1,700,000 ni 850,000, na mtu aliyechoka anaweza kuiona ni nafuu, wakati ni 820,000 zaidi ya deni lake. Nilisema nitalipa 30,000 za kifuniko na si zaidi. Alitoka nje kupiga simu, akarudi, akasema sawa.

Shilingi 470,000 zilizobaki za amana yangu ziliingia kwenye simu yangu siku tisa baadaye, baada ya mimi kukumbusha mara tatu. Meneja aliona jambo limekwisha, na ukweli ni kwamba hata mimi nilitamani hivyo, lakini ankara ile ya 1,700,000 ilikuwa bado ipo kwenye simu yangu na kwenye faili lao, ikiwa na jina langu, na hakuna aliyekuwa ameifuta. Niliomba barua. Waliniambia si utaratibu wao kuandika barua za namna hiyo. Nilikwenda mara mbili zaidi, mara ya pili nikiwa na mama, ambaye hakusema neno ila aliketi kwenye benchi lile la mapokezi na mkoba wake mapajani. Dada wa mapokezi alimwamkia, akamletea maji ya kunywa, na baada ya muda akaja na karatasi yenye nembo ya kampuni. Ilikuwa na mistari miwili, kwamba ankara iliyotajwa imefutwa na kwamba kampuni haina dai lolote kwangu kuhusiana na gari hilo. Tulipofika nje mama aliniomba nimsomee, nikamsomea pale pale kituoni tukiwa tunangoja daladala. Aliniomba nisome tena mstari wa pili.